Mbinu Shirikishi kwa Imla: Tusilaumu Mitazamo, Tulaumu Ufundishaji

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, Jumanne moja asubuhi, tulifundishwa mbinu shirikishi. Tulikuwa zaidi ya mia moja ukumbini, wengine wamekaa madirishani. Mhadhiri aliingia, akatusalimu, akafungua daftari lake na kuanza kusoma. "Mbinu shirikishi ni mbinu ambayo, mkato, mwanafunzi huwa kitovu cha ujifunzaji, nukta." Tukaandika. "Faida za mbinu shirikishi. Kwanza..." Zikafika faida tisa. Kwa saa mbili hakuna aliyeuliza swali na hakuna aliyeulizwa. Muda ulipokwisha alifunga daftari, akatuelekeza tukanunue kitini kwenye kibanda cha fotokopi, akaenda zake. Katika mtihani wa mwisho wa muhula swali la tatu lilitutaka tufafanue faida tisa za mbinu shirikishi. Nilizikumbuka nane. Nikapata alama nzuri sana.

Sisimulii haya ili kumcheka mhadhiri yule. Ni mtu mwema, Kiswahili chake kimenyooka, na alitufundisha kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Nasimulia kwa sababu Jumanne ile ina ugonjwa wote wa masomo ya Kiswahili hapa Uganda. Tunajua lililo bora, tunalitaja kwa majina, tunalitahini, halafu tunatenda kinyume chake. Na matokeo yakiwa mabaya, tunamtafuta wa kumlaumu nje ya darasa. Tunasema Waganda hawakipendi Kiswahili. Tunasema historia imetuharibia. Tunasema mitazamo ya wanafunzi ni hasi.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba kisingizio hicho kimechakaa. Sehemu kubwa ya mtazamo hasi tunaoulalamikia tunautengeneza sisi wenyewe, darasani, kwa chaki na imla. Utafiti wa kuonyesha kwamba namna ya kufundisha hubadili yale mwanafunzi anayojifunza, na hata namna anavyolipokea somo, umekuwepo kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuufuata, na ujasiri huo unatuhusu wahadhiri na wanafunzi sawia.

Utafiti unasema nini

Nianze na wenzetu wa fizikia, maana wao walijipima kabla yetu. Mwaka 1998 Richard Hake, mwalimu wa fizikia nchini Marekani, alichapisha matokeo ya wanafunzi 6,542 kutoka kozi 62. Wote walifanya jaribio la dhana za msingi mwanzoni mwa kozi na tena mwishoni. Hake hakutazama alama za mwisho pekee. Aliuliza: katika kile ambacho darasa lilikuwa bado halikijui, limepata sehemu gani? Katika kozi zilizofundishwa kwa mihadhara ya kawaida, wastani ulikuwa 0.23, yaani hata robo haikufika. Katika kozi ambazo wanafunzi walijadiliana, walijibu maswali na kupata mrejesho papo hapo, wastani ulikuwa 0.48.

Mtu atasema labda walimu wa kundi la pili walikuwa hodari zaidi. Mwaka 2011 Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman walilijaribu swali hilo huko Kanada, katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Walichukua madarasa mawili makubwa ya somo moja, kila moja likiwa na wanafunzi zaidi ya 260 walioandikishwa. Kwa wiki moja, darasa la kwanza lilifundishwa na mhadhiri mzoefu ambaye wanafunzi walimsifu. La pili lilipewa mtafiti kijana asiye na uzoefu mkubwa wa kufundisha, lakini aliyefunzwa kuwapa wanafunzi maswali, kuwaacha wajadiliane na kisha kuwarekebisha. Katika jaribio lililofuata, darasa la mzoefu lilipata wastani wa asilimia 41. La yule kijana lilipata 74. Jambo linalotuhusu zaidi sisi tunaozungumzia mitazamo ni kwamba katika darasa la kijana mahudhurio yalipanda wiki ileile, na walipoulizwa, asilimia 90 walisema waliifurahia mbinu ile. Somo halikubadilika, wala historia ya wanafunzi haikubadilika. Ilibadilika namna ya kufundisha.

Kisha mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi zilizolinganisha mihadhara na ujifunzaji tendaji. Katika mihadhara, wastani wa wanaofeli ulikuwa asilimia 33.8. Katika madarasa tendaji ulikuwa 21.8. Hebu tuitafsiri tofauti hiyo kwa lugha ya nyumbani. Katika ukumbi wetu wa watu mia, ni wanafunzi kumi na wawili. Ni kumi na wawili ambao wazazi wao wameuza mbuzi na kahawa kulipa karo, wanaorudi nyumbani na alama za kufeli ambazo huenda wasingezipata.

Lakini fizikia si Kiswahili

Pingamizi hilo nimelisikia, na ni la haki. Siwezi kuchukua takwimu za fizikia na kuzibandika kwenye ngeli za nomino. Ila nauliza: ni katika somo gani imla ingekuwa na udhaifu mkubwa zaidi kuliko katika lugha? Fizikia angalau ina maarifa ambayo mtu anaweza kuyafahamu akiwa kimya. Lugha ni stadi. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kuandika faida tisa za kuogelea.

Tena ipo tafiti iliyotumia maandishi ya kawaida, si fomula. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya habari wavisome. Kundi moja lilivisoma mara ya pili. Kundi jingine halikurudia kusoma, bali lilitakiwa kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojilazimisha kukumbuka walikumbuka 56. Kila mwanafunzi aliyewahi kukesha na kitini usiku wa kuamkia mtihani anazijua tarakimu hizo hata kama hajawahi kuziona. Asubuhi tunajua kila kitu. Wiki ikipita, daftari linajua kuliko sisi.

Kisingizio cha historia

Sasa tuje kwenye kile kinachotajwa katika kila kongamano la Kiswahili hapa nchini, yaani mtazamo.

Siikatai historia. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala wa Uganda, alikutana na upinzani mkali, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa aliandika waziwazi kukipinga. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la King's African Rifles, na baadaye kikabaki lugha ya askari. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi wa Kampala bado wanasikia sauti ya kizuizi cha barabarani mtu anapowaambia "Simama!" Haya ni ya kweli, na mwalimu asiyeyajua hajui anasimama mbele ya watoto wa nani.

Lakini tuhesabu miaka. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza leo hakumwona Amin. Pengine hata mama yake hakumwona. Hata kabla mwanafunzi huyu hajazaliwa, Kiswahili kilikuwa kimewekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Mwaka 2022, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo dunia iliadhimisha Siku ya Kiswahili kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai. Anasikia nyimbo za Bongo kwenye kila teksi na bodaboda, na anaziimba kwa moyo. Mtoto huyu hakuja darasani na chuki. Akiondoka nayo, tujiulize ameipata wapi.

Mimi nilishuhudia ikitengenezwa, na mtengenezaji nilikuwa mimi. Nilifanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja karibu na Busia, mpakani. Nilipewa kidato cha pili, wanafunzi themanini na watatu. Wiki tatu za kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nilijaza ubao aina za nomino, wakanakili, nikawapa jaribio. Mvulana mmoja, ambaye hapa nitamwita Okello, alipata alama 23 kwa mia. Msichana aliyekaa mbele yake alipata 81.

Jumamosi ile nilikwenda sokoni upande wa Kenya kununua sabuni. Nikamkuta Okello kati ya malori, akiuza maji na karanga kwa madereva. Alikuwa anapiga bei, anatania, anamwambia dereva mmoja kwamba huko mbele foleni ni ndefu na polisi wanakagua stakabadhi. Alifanya yote kwa Kiswahili. Kilikuwa na makosa ya upatanisho hapa na pale, lakini kilikuwa Kiswahili kinachotembea kwa miguu yake. Aliponiona aliinamisha kichwa. "Shikamoo Madamu," akasema, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi si najua tu hiki cha barabarani." Jumatatu nilimwomba yule msichana wa 81 anieleze amefanya nini mwishoni mwa wiki. Alisimama, akatabasamu kwa aibu, akakaa.

Nani kati ya hao wawili alikuwa na mtazamo hasi juu ya Kiswahili? Okello alikipenda mpaka nilipomwambia, kwa wino mwekundu, kwamba hakijui. Wiki moja tu ya mafundisho kama yangu ingeweza kumfanya aandike kwenye hojaji ya mtafiti yeyote: "Kiswahili ni kigumu na hakina faida." Na mtafiti angeondoka akiandika kwamba historia ya kijeshi ya Uganda imeathiri mitazamo ya vijana.

Hojaji zetu

Hapo nawageukia watafiti, wakiwemo wenzangu wa mwaka wa tatu. Katika maktaba yetu zipo tasnifu nyingi kuhusu mitazamo. Nimezisoma kadhaa, na muundo wake ni mmoja. Mtafiti anachagua shule, anagawa hojaji siku moja, anamwuliza mwanafunzi kama anakubali sana, anakubali, hana uhakika, anakataa au anakataa sana. Anakuta kwamba wenye mtazamo chanya wana alama za juu na wenye mtazamo hasi wana alama za chini. Anahitimisha kuwa mtazamo ndio chanzo cha matokeo mabaya. Anapendekeza serikali ihamasishe jamii.

Lakini hojaji ya siku moja haiwezi kutuambia kipi kilitangulia. Je, mtoto alifeli kwa sababu hakulipenda somo, au aliacha kulipenda kwa sababu alifelishwa? Robert Gardner na Wallace Lambert walitufungulia mlango mwaka 1959 kwa kuonyesha huko Montreal kwamba motisha na mtazamo vinahusiana na ufanisi katika kujifunza lugha ya pili. Sisi tumeingia kwa mlango huo tukakaa sebuleni. Hatuulizi kama mtazamo wenyewe unaweza kubadilishwa na kile mwalimu anachokifanya Jumatatu asubuhi. Ni nadra kuona tasnifu iliyokaa darasani muhula mzima na kuandika mwalimu alisema maneno mangapi na wanafunzi mangapi. Ni nadra kuona iliyolinganisha madarasa mawili yaliyofundishwa kwa njia mbili. Kugawa hojaji ni rahisi. Kukaa nyuma ya darasa kwa miezi mitatu ni kazi, na zaidi ya hapo, kunaweza kumkwaza mwalimu wa darasa hilo, ambaye huenda ndiye aliyetufundisha sisi.

Wanafunzi wenzangu, nasi tumo

Ningeishia hapo, makala hii ingewafurahisha wanafunzi na kuwaudhi wahadhiri, na ingekuwa ya uongo nusu. Sisi wanafunzi tunaipenda imla. Mhadhiri akija bila notsi tunanung'unika kwamba hajajiandaa. Akituweka katika makundi, mmoja anafanya kazi na wanne wanaandika majina. Akiuliza swali tunatazama sakafu mpaka aone huruma ajijibu mwenyewe. Kisha tunapopewa fomu ya kumtathmini tunampa alama za juu yule aliyesoma taratibu tukapata kila neno.

Mwaka 2019 Deslauriers yuleyule, sasa akiwa Harvard pamoja na wenzake, alionyesha jambo hili kwa namna inayouma. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa kwa kubahatisha. Wengine walipata mhadhara uliopangika vizuri, wengine wakapata somo lilelile kwa kulishughulikia wenyewe kwanza. Walipopimwa, waliojishughulisha walikuwa wamejifunza zaidi. Walipoulizwa wamejisikiaje, walidhani wamejifunza kidogo kuliko wenzao wa mhadhara. Mhadhara laini humfanya mtu ahisi anaelewa, kwa sababu anayefikiri ni mhadhiri. Kuhangaika na swali humfanya ahisi ni mjinga, ilhali hapo ndipo anapojifunza.

Mtu makini ataona kwamba tafiti hii na ile ya 2011 zinavutana kidogo: kule wanafunzi walifurahia, huku walijiona wanapotea. Sioni mgongano mkubwa. Kufurahia darasa ni jambo moja na kukadiria umejifunza kiasi gani ni jambo jingine. Lakini onyo ni zito kwa pande zote mbili. Wahadhiri wasitupime kwa nyuso zetu, na sisi tusiwapime wahadhiri kwa unene wa madaftari yetu. Kama fomu ya tathmini ndiyo inayoamua nani ni mhadhiri bora, basi tumeweka utaratibu wa kuwazawadia wanaotupa usingizi mtamu.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni wingi wa wanafunzi. "Mbinu hizo ni za madarasa ya watu ishirini." Madarasa ya Vancouver yalikuwa ya zaidi ya mia mbili na sitini. Eric Mazur alianza mbinu yake ya kufundishana mwaka 1991 mbele ya ukumbi mkubwa. Anauliza swali, kila mtu anafikiri peke yake, wanapiga kura, wanajadiliana na jirani, wanapiga kura tena, ndipo anafafanua. Kura hiyo haihitaji umeme wala kompyuta. Mikono inatosha.

Nilijaribu na wale themanini na watatu wangu. Niliandika ubaoni: "Kiboko amelala mlangoni" na "Kiboko kimelala mlangoni." Nikauliza, ipi ni sahihi? Mikono ya kwanza iligawanyika. Nikasema, mgeukie jirani yako umshawishi. Darasa lililipuka. Okello ndiye aliyeinuka na kupiga kelele kwamba zote ni sahihi, ila ya kwanza ukimbie na ya pili uifiche kabla mwalimu hajaiona, kwa maana moja ni mnyama na nyingine ni fimbo. Walicheka mpaka darasa la pili likagonga ukuta. Upatanisho wa viumbe hai walikuwa wamekwisha kuuelewa kabla sijaandika kanuni.

Siku hiyohiyo alikuwepo mhadhiri aliyekuja kunikagua. Kwenye fomu yake aliandika: "Darasa lina kelele. Muhtasari wa ubaoni haujakamilika." Akanikata alama. Sikulia mbele yake. Lakini jioni ile nilikaribia kurudi kwenye imla, na naamini walimu wengi wapya hurudi kwenye imla jioni kama ile.

Pingamizi la pili ni sarufi. "Mnataka tuache kufundisha sarufi, watoto waongee ovyo." La hasha. John Norris na Lourdes Ortega walipokusanya mwaka 2000 tafiti 49 za ufundishaji wa lugha ya pili, walikuta kwamba kufafanua kanuni waziwazi kunasaidia kuliko kuziacha zijitokeze zenyewe. Nami nasimama nao. Sipingi ufafanuzi. Napinga ufafanuzi usiotanguliwa na swali wala kufuatwa na matumizi.

Na sisi wa Uganda tuna hazina ambayo tunaikanyaga kila siku. Mtoto anayesema Luganda ana ngeli tayari kichwani. Anasema omuntu na abantu, omuti na emiti, ekitabo na ebitabo. Anahesabu ekitabo kimu na ebitabo bibiri bila kukosea tangu akiwa na miaka minne. Mpe mtu na watu, mti na miti, kitabu na vitabu, kitabu kimoja na vitabu viwili, umwombe atafute kinachofanana. Katika kipindi kimoja atajenga mwenyewe jedwali ambalo sisi tunamlazimisha kulikariri kwa muhula mzima kana kwamba limetoka mwezini. Ukiwa Gulu, watoto wa Kiacholi hawana mfumo huo wa ngeli katika lugha yao, na itakubidi upite njia nyingine. Mbinu inaanza na kile mwanafunzi alichonacho. Imla haiulizi mwanafunzi ana nini, ndiyo maana inafundisha Kampala na Gulu kwa kitini kimoja.

Pingamizi la tatu ni mtihani. "Mtihani unataka fasili, sisi tufanyeje?" Kwa shule za sekondari pingamizi hili limeanza kuisha nguvu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020 ukiweka mkazo kwenye umahiri, na kundi lake la kwanza lilifanya mtihani wa taifa mwaka 2024. Shule zimeambiwa zibadilike. Chuo kinachowaandaa walimu wa shule hizo bado kinatahini faida tisa. Tunamtuma fundi kujenga nyumba ya matofali tukiwa tumemfundisha kuezeka makuti, halafu nyumba ikiinama tunasema wenye nyumba wana mtazamo hasi.

Ninachoomba

Sitoi mapendekezo kwa serikali. Serikali ina makabati yaliyojaa mapendekezo yetu. Naomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wa idara moja, kuanzia muhula ujao.

Kwa wahadhiri wetu: katika kila mhadhara wa saa mbili, tupeni maswali matatu ambayo hatuwezi kuyajibu kwa kunakili, na mtusubiri. Ukimya wetu wa dakika ya kwanza si dharau. Ni watu wanaofikiri, au walioshtuka kwamba leo wanatakiwa kufikiri. Tuambieni tangu wiki ya kwanza kwamba tutahisi ugumu na kwamba ugumu huo si dalili ya kufeli. Na mnapokuja kutukagua mashuleni, ongezeni kwenye fomu mstari mmoja tu: wanafunzi walizungumza Kiswahili kwa dakika ngapi? Mstari huo utabadilisha madarasa kuliko kongamano.

Kwa wanafunzi wenzangu: tuache kudai notsi kama mtoto anayedai uji. Mkijaza fomu ya tathmini, msiulize kama mlistarehe, ulizeni mnaweza kufanya nini leo ambacho mwezi uliopita hamkuweza. Na wale wanaochagua mada za tasnifu mwaka huu, iacheni hojaji ipumzike. Nendeni mkae nyuma ya darasa. Linganisheni njia mbili za kufundisha ngeli moja. Matokeo yakinikanusha, nitakuwa wa kwanza kuyasoma.

Siku ya mwisho ya mazoezi yangu, Okello alipata 58 katika jaribio ambalo nusu yake lilikuwa mazungumzo. Si alama ya kupeleka magazetini, na jaribio langu si utafiti. Lakini aliniletea daftari lake nilisaini, kama wanavyofanya kwa walimu wanaoondoka, na kwenye jalada alikuwa amefuta neno "Kiswahili" na kuandika "Kiswahili changu". Sikumfundisha kimilikishi hicho kwa imla.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kiswahili cha Uganda nacho kitakua kwa jinsi tunavyokilea darasani. Tukikilea kwa imla, tusishangae kikikua bubu.